Mwizi akiingia usiku nami nina bastola: nitoke au nisitoke?

"Shikamoo mzee. Naishi Sahare, Tanga, na mke wangu, watoto wawili (mmoja ana miaka 6, mwingine 11), mama yangu mzazi na mpwa wangu anayesoma chuo. Nina bastola yenye leseni, naiweka chini ya mto. Mwezi uliopita waliruka ukuta wakabeba pampu ya maji na mtungi wa gesi uani. Sikuripoti, niliona ni kujisumbua. Jirani yangu akaniambia, 'Una chuma ndani halafu unaibiwa? Mwizi akishavuka ukuta wako ni halali yako.' Wiki iliyopita saa tisa usiku nikasikia komeo la mlango wa uani. Nikakoki bastola, nikaenda gizani. Nikaona kivuli kimeinama karibu na bomba. Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio. Kivuli kikageuka: ni mama, anatawadha. Tangu siku ile silali. Naomba unieleze. Mwizi akiingia, nitoke au nisitoke? Sheria inaniruhusu kumpiga? Kupiga hewani kwanza ni salama? Na nikishapiga, nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara nimesimama pale pale, mama anatawadha. Umeuliza mambo manne, lakini yote yamo katika usiku ule mmoja, kwa hiyo nitaanzia hapo kabla ya kugusa sheria.

Nilikuwa askari polisi kwa miaka mingi, na tangu nistaafu nafundisha walinzi na raia wenye silaha za leseni hapa Tanga. Wengi wanaonijia wanataka kujifunza kulenga. Kulenga ni kazi ya mchana mmoja. Kinachonichukua siku nyingi ni kuwaingiza kichwani kwamba mtu anayetembea nyumbani kwako usiku, mara nyingi kabisa, ni mtu wako. Mama ameamka kwa tahajudi, swala ya usiku. Mtoto anakwenda msalani. Mpwa amechelewa, anafungua mlango polepole asikuamshe, na polepole ile ndiyo inayokuamsha. Ramadhani ikifika nyumba nzima iko macho saa tisa kwa daku. Ongeza upepo wa kusi unaotikisa mabati, na nazi inayodondoka juu ya paa la banda, na utaona kwamba sauti mia za usiku zina maelezo mengine kabla ya mwizi.

Hili halikutokea kwako peke yako. Februari 14, 2013, huko Pretoria, Afrika Kusini, mwanariadha Oscar Pistorius alifyatua risasi 4 kupitia mlango wa choo uliofungwa. Alisema aliamini kuna mtu ameingia nyumbani. Aliyekuwa ndani ni mpenzi wake, Reeva Steenkamp, akafa pale pale. Kesi ile ilipanda mahakama hadi mahakama, na Mahakama Kuu ya Rufaa ya nchi hiyo mwaka 2015 ikamtia hatiani kwa mauaji, ikisema kwamba mtu anayepiga risasi kwenye chumba kidogo akijua kuna binadamu nyuma ya mlango hawezi kujificha nyuma ya kutomjua ni nani. Mwanangu, mlango ule wa choo na kivuli chako cha bombani ni kitu kimoja. Tofauti ni kwamba mama aligeuka mapema.

Sasa nikueleze kwa nini ilikaribia kutokea, maana najua unajilaumu kana kwamba ulikuwa na roho mbaya. Hukuwa nayo. Mtu akishtuka usingizini mwili humwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia misuli mikubwa, vidole vinapoteza ustadi wake. Macho yanakaza mbele kama unachungulia kwenye bomba, ya pembeni huyaoni. Masikio nayo yanachagua, unasikia komeo lakini husikii maji yanayotiririka, ambayo yangekuambia mara moja kwamba mtu huyu anatawadha. Ubongo ukiwa na hofu haupendi kubaki bila jibu. Ukiona umbo, unalijaza kwa kile ulicholala ukikiogopa, na wewe ulikuwa umelala ukiwaza wezi wa pampu.

Tena macho yanahitaji kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu. Ukitoka kwenye chumba chenye taa ukaingia ukumbini gizani, unakwenda nusu kipofu. Mwizi, kama yupo, amekuwa gizani muda wote. Anakuona wewe kabla hujamwona. Ukifyatua ndani ya nyumba, mwako wa bastola unakupofusha na mlio unakuziba masikio, kwa hiyo risasi ya pili unaipiga bila kuona wala kusikia. Na kidole. Nakuomba sana, kidole kikae nje ya kikinga cha kifyatulio, kimelala juu ya chuma, mpaka uwe umeshamtambua mtu na umeshaamua. Mkono wenye hofu hujikunja wenyewe, na mkono mmoja ukishika kitasa kwa nguvu, wa pili nao hubana. Bastola hufyatuka hivyo hivyo bila mwenyewe kutaka.

Kwa hiyo swali la kwanza: usitoke. Ukiwa umeshawakusanya watu wako nyuma ya mlango uliofungwa, huna sababu ya kumfuata mwizi. Pampu haina damu. Ukitoka unamwachia yeye achague mahali pa kukutana, na unajinyima kitu kimoja ulichonacho kuliko yeye, yaani kumsubiri ukiwa umetulia, mlango ukiwa katikati yenu.

Jirani yako amekosea kuhusu sheria, lakini nitakuwa mkweli, nao wanaosema mwenye nyumba hana haki yoyote wamekosea vilevile. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 hadi 18C, inampa kila mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kutetea mali. Kifungu cha 18B ndicho kinachoweka mpaka: unaruhusiwa nguvu ya kiasi kinachohitajika kwa utetezi huo, basi. Ukizidisha, unawajibika kwa kosa litakalotokea, na ukimuua mtu kwa nguvu iliyozidi, kosa ni kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kifungu cha 18C kinakwenda mbali zaidi. Kinakubali kwamba utetezi unaweza kufikia hata kifo, pale unapoamini kwa dhati na kwa sababu za msingi kwamba ni lazima, mathalani mtu anapotishia kuua, kujeruhi vibaya au kubaka. Kuvunja nyumba usiku na unyang'anyi pia vimetajwa humo. Jirani amesikia kipande hiki cha mwisho akaacha maneno yaliyokitangulia: imani ya dhati, sababu za msingi, na ulazima.

Usiku kwa sheria hiyo ni kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mtu anayevunja na kuingia kwenye nyumba inayokaliwa saa hizo anaweza kufungwa hadi miaka 20. Ona lakini kwamba hiyo ni kazi ya hakimu, si yako. Na mtu aliyeruka ukuta akabeba pampu uani hajavunja nyumba unayolala. Ni mwizi wa pampu. Ukimpiga risasi akiwa ameipa nyumba mgongo na pampu begani, utamweleza nini jaji kuhusu ulazima? Tundu la risasi mgongoni linasimulia lenyewe. Hatari ikiisha, na haki ya kutumia nguvu imeisha. Akikimbia, mwache akimbie. Usimfukuze barabarani, usimpigie risasi ukutani.

Kuna jambo ambalo watu hawalifikirii kabla. Mtu akifa, upelelezi unaweza kuanza kama kesi ya mauaji hata kama wewe mwenyewe unajua ulijitetea. Kosa la mauaji halina dhamana. Unaweza kukaa rumande gereza la Maweni, watoto wakiletwa kukuona, mpaka jalada likamilike na shauri lifike Mahakama Kuu. Ukishinda mwishoni, hiyo miezi hairudishwi na mtu. Sikuambii haya ili ukubali kuchinjwa kitandani. Mtu akiuvunja mlango wa chumba mlimojifungia na panga mkononi, baada ya kumwonya, sheria iko nawe na mimi niko nawe. Nakuambia ili upime vizuri uzito wa mtungi wa gesi.

Kupiga hewani si salama, na wanaokwambia ni onyo la kiungwana hawajafikiria risasi inakwenda wapi. Ndani ya nyumba, dari la jipsamu na bati havizuii kitu. Mlango wa mbao hauzuii. Nje, risasi ya bastola iliyopigwa kwa mshazari inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja, na Sahare nyumba zimepakana. Inaangukia juu ya bati la mtu ambaye naye amelala na wanawe. Ukitaka kuonya, una koo.

Na koo hilo ulitumie kwa sauti kubwa. Ungeita tu, "Nani hapo? Taja jina!", mama angejibu, "Mimi, mwanangu," na leo usingeniandikia. Mtu wa nyumbani hujibu. Mwizi, mara nyingi, akisikia ameshajulikana anatafuta njia ya kutokea, kwa sababu alikuja kuiba kimya, hakuja kupigana. Kaeni chini familia nzima, mkubaliane kwamba kila anayeamka usiku anawasha taa, na kila anayeitwa anajibu kwa jina lake. Mpwa akichelewa apige simu akiwa getini. Watoto nao wafundishwe, ila wafundishwe kama mchezo, wasitishwe.

Baada ya hapo panga chumba. Nyumba nyingi za kwetu vyumba vya kulala viko upande mmoja wa korido, sebule na jiko upande wa pili. Mwite fundi wa kuchomelea akuwekee mlango wa grili unaoikata korido hapo katikati. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya bastola, na kazi yake ni kubwa kuliko ya bastola. Usiku unafungwa, na vyumba vyote vinabaki upande wenu, kwa hiyo huhitaji kukimbia gizani kukusanya watoto. Ufunguo utundikwe upande wa ndani mahali ambapo kila mkubwa anapajua, na hata mtoto wa miaka 11 aweze kuufikia, kwa sababu moto nao huja usiku. Mama atahitaji maji upande huo huo wa vyumba. Kama bafu liko nje ya grili, mwekee ndoo yenye koki na beseni, atawadhe bila kutoka uani. Huenda hili ni dogo machoni pako, lakini kwangu ndilo la kwanza kulifanya.

Ukisikia kitu na hakuna anayejibu: funga, washa taa za nje kama swichi iko ndani, piga 112, kisha mwenyekiti wa mtaa au polisi kata. Namba hizo ziwe kwenye simu ya mkeo pia, na simu zilale zikiwa na chaji. Sema uko mtaa gani, nyumba ya rangi gani, na kwamba una silaha yenye leseni na umo chumbani na familia. Halafu sema kwa sauti, mwizi asikie: "Polisi wanakuja. Nina silaha. Ondoka." Acha mlango wa kutokea aupate. Mwizi aliyezibiwa njia ni hatari kuliko mwizi anayekimbia.

Kelele za "Mwizi!" nazifikiria kwa uangalifu zaidi. Zinaleta msaada, kweli, na majirani wetu hutoka. Lakini nimeona pia nini hutokea watu 30 wakimzunguka kijana mmoja na mawe, na nimewahi kusimama asubuhi juu ya mwili ambao hakuna aliyekubali kwamba alirusha. Kumuua mwizi aliyekamatwa ni mauaji, na uani ni kwako. Zaidi ya hapo, wakimiminika gizani wakati wewe umeshika bastola, utamjuaje jirani na mwizi? Kama mtaa wenu una ulinzi shirikishi, kubalianeni ishara mapema, filimbi kwa mfano, na watu wasimame nje ya geti mpaka polisi wafike. Watu wakishafika, silaha irudi mahali pake. Askari akiingia akute mikono yako mitupu.

Chini ya mto ndipo mahali pabaya kuliko pote. Mtoto wa miaka 6 anatandika kitanda na mama yake asubuhi. Anaivuta shuka, bastola inadondoka mbele yake. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inakutaka uitunze silaha ambapo mtu mwingine hawezi kuifikia, na leseni ni yako peke yako. Si ya mpwa, si ya mkeo. Nunua sefu ndogo ya namba, ifungwe kwa bolti ukutani chumbani kwako, bastola ilale humo bila risasi kwenye chemba. Najua utasema sekunde kumi za kufungua sefu zinaweza kuwa sekunde za kufa. Ni hoja, sitaidharau, na ndiyo sababu grili inatangulia, ndiyo inayokununulia hizo sekunde. Lakini sekunde hizo kumi ndizo pia unazohitaji ili uamke kabisa. Chuma kikiwa chini ya mto, mkono huamka kabla ya kichwa.

Ikiwa siku moja, Mungu apishe mbali, utalazimika kupiga: acha kupiga mara hatari inapokoma. Iweke silaha chini mahali salama. Piga simu polisi na uombe gari la wagonjwa au usafiri wa kumpeleka hospitali ya Bombo, kwa sababu aliyelala pale ni binadamu, na kwa sababu juhudi zako za kumwokoa zitasema jambo kuhusu nia yako. Fomu ya PF3, ile ya polisi ya matibabu ya majeruhi, wao watashughulika nayo. Usiokote maganda ya risasi, usisogeze panga, usifute damu, usimwambie mke aoshe sakafu. Silaha watachukua, wape. Jitambulishe, eleza kwamba ulishambuliwa na onyesha pale ushahidi ulipo, halafu kabla ya kuandikisha maelezo marefu omba wakili au ndugu awepo. Ni haki yako, wala si kiburi. Mtu aliyetoka kwenye tukio kama hilo huchanganya mpangilio wa mambo na idadi ya risasi bila kudanganya, na karatasi haisahau.

Umeniuliza mimi kama askari, nikujibu pia kama mzee. Sina hakika kwamba nyumba yako, kwa ilivyo leo, ni salama zaidi ikiwa na bastola. Ukuta wenye taa ya sola inayowaka mtu akisogea, pampu iliyofungwa kwa mnyororo ndani ya kibanda cha nondo, mtungi unaoingizwa jikoni kila magharibi ikifika: hivyo vingezuia wizi wa mwezi uliopita, na bastola haikuuzuia. Watu wengi mtaani kwenu hawafugi mbwa, basi fuga kanga. Naongea kwa dhati. Kanga hawavumilii mgeni usiku, hupiga kelele mtaa mzima ukaamka. Ukiona kwamba silaha unaihitaji bado, usiendelee nayo bila mafunzo ya ana kwa ana na mkufunzi anayetambuliwa, pamoja na mazoezi ya kutambua kabla ya kulenga. Maelezo haya hayatoshi kuufundisha mkono. Kwa sheria, kaa na wakili saa moja sasa, wakati huna kesi.

Na kutolala kwako usikuache kuende hivi hivi. Kama wiki ya pili au ya tatu itafika unashtuka, unaiona ile picha ya bombani mchana kweupe, au unakagua milango mara kumi, nenda Bombo uulize huduma ya afya ya akili. Hofu ya namna hiyo inatibika. Mpaka utakapolala vizuri, nenda kituoni uulize juu ya kuihifadhisha bastola huko kwa muda. Mtu asiyelala hapaswi kuwa na silaha karibu na kitanda, hata kama aliwahi kuwa afande.

Mkeo anajua kilichotokea? Hukuandika. Mwambie. Na mama pia, kama hakuona ulichoshika mkononi, aambiwe kwa upole, kwa sababu leo usiku saa tisa ataamka tena.

Kisha kesho asubuhi nenda ukaripoti ile pampu na mtungi upate RB, namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Hata kama umechelewa mwezi mzima, ripoti: usiporipoti, polisi wakija kukamata pampu tano kwa mnunuzi wa vyuma, hawatajua moja ni ya kwako. Beba risiti, na namba iliyogongwa kwenye pampu kama uliiandika. Ukirudi, nunua taa ndogo ya wati 3 uiweke ukumbini, iwake usiku kucha kwa ajili ya mama.